Jinsi ya kuchonga mihuri kwa kifutio: mwongozo kwa anayeanza, na mihuri usiyopaswa kuigusa

Ukiishi kambini au kwenye makazi ya wakimbizi, muhuri si kitu kigeni kwako. Umeuona kwenye barua ya shule, kwenye karatasi ya zahanati na kwenye kibali cha kutoka. Wengine huuita stampu, na wenzetu waliotoka Kongo huuita kashe. Mara nyingi muhuri ni kitu cha mtu mwingine: yeye anao, wewe unausubiri.

Makala hii inahusu muhuri wa aina nyingine, ule unaochonga mwenyewe kwa mkono ili kujifurahisha. Unaweza kuchonga ua, samaki, jina la mtoto wako au mapambo kama ya kitenge. Huhitaji umeme wala mashine. Kifutio kimoja cha shule na subira ya saa moja au mbili vinatosha kuanza.

Soma pia sehemu ya mihuri usiyopaswa kuchonga. Burudani hii haina kosa lolote, lakini kuna mpaka ambao ukiuvuka unaweza kujikuta mahakamani.

Ufundi huu umetoka wapi?

Mwaka 1770 mwanasayansi wa Uingereza, Joseph Priestley, aliandika kwamba kuna kitu kinachofuta vizuri alama za penseli: mpira. Kifutio kikaenea duniani, na watu wakagundua kwamba ni laini, kinachongeka kwa urahisi na kinashika wino. Huko Japani, mwandishi Nancy Seki, aliyefariki mwaka 2002, alijulikana sana kwa kuchonga sura za watu wa televisheni kwenye vifutio vya kawaida na kuzichapa pamoja na makala zake.

Afrika nayo ina mafundi wake. Katika mji wa Ntonso nchini Ghana, mafundi huchonga alama kwenye vipande vya kibuyu na kuzigonga kwenye vitambaa vya adinkra, kwa wino uliopikwa kutokana na magome ya mti. John Muafangejo alizaliwa Angola mwaka 1943, akahamia Namibia akiwa kijana, kisha akasomea sanaa Rorke's Drift, Afrika Kusini. Alichonga picha za maisha ya watu wake kwenye linoleamu na kuzichapa kwa wino mweusi. Kanuni aliyoifuata ndiyo utakayoifuata wewe: sehemu unayoiacha inashika wino, sehemu unayoitoa inabaki nyeupe.

Unahitaji nini?

• Kifutio, ambacho wengine huita raba. Chagua cheupe, kikubwa na kisicho na nyufa. Kifutio kigumu kinachomeguka kama mkate mkavu hakifai.
• Penseli laini, kwa mfano 2B, na karatasi nyembamba.
• Kitu cha kukatia: kisu kidogo chenye ncha kali au nusu ya wembe mpya. Kama ni wembe, zungushia selotepu nyingi upande utakaoushika.
• Kitu cha kuchimbia mistari. Ukipata patasi ndogo ya kuchongea, ni vizuri. Usipoipata, tafuta mwavuli uliovunjika. Chuma chake chembamba kina mfereji ndani. Kata kipande cha urefu wa kidole, kinoe ncha kwenye jiwe au msasa, kisha kichomeke kwenye kijiti ili upate mpini.
• Pedi ya wino kama ile ya maofisini. Usipokuwa nayo, weka sponji nyembamba kwenye kifuniko cha kopo na uiloweshe kidogo kwa rangi ya maji.
• Ubao wa kukatia. Usikatie juu ya paja wala mkononi.

Kama huna kifutio, kata umbo kwa mkasi kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, kisha uligandishe kwa gundi kwenye kipande cha ubao. Soli ya kandambili kuukuu nayo inafaa kwa maumbo makubwa yasiyo na mistari mingi. Usichome mpira ili kuulainisha, kwa sababu moshi wake una sumu.

Hatua kwa hatua

1. Chora mchoro mdogo. Weka kifutio juu ya karatasi na uzungushie penseli ili ujue nafasi uliyonayo. Ndani yake chora kitu rahisi, kwa mfano jani moja lenye mshipa wa katikati. Kwa mara ya kwanza epuka sura za watu na maandishi madogo. Mistari iwe minene.

2. Hamisha mchoro. Geuza karatasi ili upande wenye penseli ulale juu ya kifutio. Ishike isisogee, kisha usugue mgongo wake kwa ukucha au kijiko. Ukiinua karatasi utaona mchoro umehamia kwenye kifutio, lakini umegeuka kama kwenye kioo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu utakapogonga utageuka tena na kukaa sawa.

3. Weka alama sehemu za kutoa. Zipake vistari vyepesi vya penseli. Watu wengi huharibu kazi kwa kusahau katikati ya njia ni upande upi unaobaki.

4. Kata ukingo wa mchoro. Shika kisu kama kalamu na ukilaze kidogo, ili ukingo unaoubakiza uwe na kitako kipana kuliko juu, kama mlima. Ukikata kwa kuingia chini ya mstari, mstari huo utakosa msingi na utang'oka baada ya kugonga mara chache. Kina cha milimita 2 hadi 3 kinatosha.

5. Zungusha kifutio, usizungushe kisu. Kwenye kona au duara, mkono wenye kisu utulie na mkono mwingine ugeuze kifutio polepole. Hivyo ndivyo duara linavyotoka laini.

6. Toa sehemu zisizohitajika. Anza karibu na mchoro ukielekea nje. Chimba kidogo kidogo, kwa maana ulichokitoa huwezi kukirudisha.

7. Jaribu. Gusisha muhuri kwenye wino kwa vipigo vyepesi, usiuzamishe. Uweke juu ya karatasi, bonyeza kwa nguvu sawa pande zote bila kuutikisa, kisha uinue moja kwa moja juu. Utaona mahali palipobaki mabaki yanayoshika wino. Yapunguze na ujaribu tena. Hata mafundi wazoefu hujaribu mara kadhaa kabla ya kuridhika.

Kuandika majina

Herufi ndizo zinazowashinda wengi, kwa sababu lazima zichongwe kinyume. Herufi kubwa A, H, I, M, O, T, U, V, W, X na Y hazibadiliki zikitazamwa kwenye kioo, kwa hiyo ni nzuri kwa mazoezi. Hata hivyo mpangilio wa neno hugeuka: ukichonga MAMA kama unavyolisoma, litatoka AMAM. Njia salama ni kuandika neno kwa kawaida kwenye karatasi na kulihamisha kama ilivyoelezwa katika hatua ya 2. Kabla ya kukata, tazama kifutio kwenye kioo. Ukiweza kulisoma neno vizuri kwenye kioo, uko sawa.

Usalama wako na wa watoto

Wembe unaokata kifutio utakata kidole kwa urahisi zaidi.

• Kata kila mara kuelekea mbali na mwili, na vidole vya mkono mwingine vikae nyuma ya kisu.
• Fanya kazi mchana, penye mwanga wa kutosha. Usichonge kwa mwanga wa tochi ya simu.
• Usitumie wembe uliotumiwa na mtu mwingine kunyolea au kukatia kucha. Damu kidogo isiyoonekana inaweza kubeba magonjwa.
• Mtoto mdogo achore na kugonga, mkubwa ndiye akate.
• Wembe uliokwisha uweke kwenye kopo lenye kifuniko. Usiutupe njiani, kwenye choo wala mahali watoto wanapocheza pekupeku.
• Ukijikata, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha ulibane kwa kitambaa safi. Kama damu haikomi, au umekatwa na chuma chenye kutu, nenda kituo cha afya. Huenda ukahitaji chanjo ya pepopunda.

Mihuri usiyopaswa kuchonga kamwe

Usichonge muhuri unaofanana na wa ofisi yoyote, hata kwa mzaha au mazoezi. Hii ni pamoja na mihuri na nembo za serikali, polisi, uhamiaji, UNHCR na mashirika mengine, shule, hospitali, benki, makanisa, misikiti na viongozi wa mitaa. Ngao ya taifa pia usiiguse.

Nchini Kenya, Tanzania na Uganda, kughushi hati ni kosa la jinai. Anayechonga muhuri wa bandia na anayeutumia wote wanaweza kukamatwa na kushtakiwa. Kwa mkimbizi au mwombaji hifadhi madhara yanaweza kwenda mbali zaidi: karatasi moja ya bandia inaweza kuwafanya maafisa watilie shaka hata maelezo yako ya kweli.

Mtu akijua una mkono mzuri, anaweza kuja jioni na barua iliyokunjwa akikuomba "umsaidie kidogo tu". Pengine ni jirani, pengine ana shida ya kweli: mtoto anahitaji barua ya uhamisho, au kibali cha safari kimechelewa. Huruma yako haitamlinda wala haitakulinda. Unaweza kumjibu kwa upole: "Samahani ndugu yangu, mimi huchonga maua na majina tu. Twende ofisini tukaulize." Kisha mwelekeze kwenye dawati la usajili, ofisi ya ulinzi au shirika linalotoa msaada wa kisheria mahali mnapoishi. Kama karatasi yake imepotea, aripoti mapema na aombe utaratibu wa kupata nyingine.

Kumbuka: huduma za UNHCR na washirika wake ni za bure. Anayedai pesa ili akupatie muhuri, hati au nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu anakutapeli. Unaweza kumripoti kwa siri.

Kama kikundi chenu cha akiba au ushirika uliosajiliwa unahitaji muhuri rasmi, viongozi wauagize kwa watengenezaji wa mihuri mjini wakiwa na cheti cha usajili. Muhuri wa kifutio si wa kazi hiyo.

Unaweza kuutumia wapi?

• Kadi za harusi, za sikukuu na za kuwapongeza waliofaulu mitihani.
• Madaftari ya watoto. Mwalimu anaweza kuchonga nyota au ua la kumgongea mwanafunzi aliyefanya vizuri.
• Mifuko ya karatasi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, na Tanzania ikafuata Juni 2019. Muuza karanga au sabuni anaweza kugonga alama yake nje ya mfuko. Wino usiguse chakula.
• Vitambaa. Tumia rangi maalumu ya kitambaa, kwa sababu wino wa ofisini hutoka ukifuliwa. Piga mistari miepesi ya chaki kwanza ili mapambo yakae kwa safu, na jaribu kwenye kipande kisicho na thamani.

Ukitaka kuuza kazi zako, uliza kwanza ofisi inayosimamia kambi au makazi kuhusu vibali vya biashara. Kanuni hutofautiana kati ya nchi na nchi.

Kuutunza muhuri wako

Baada ya kutumia, ufute kwa kitambaa chenye maji kidogo na uuache ukauke kivulini. Jua kali huufanya mpira uwe mgumu na upasuke. Kila muhuri uufunge kwenye karatasi yake. Vifutio vingi vyeupe vina plastiki laini ndani yake, vikikaa muda mrefu vikigusana au vikigusa chombo cha plastiki hunata na kuharibika. Ukitunzwa hivyo, muhuri mmoja unaweza kugongwa mara nyingi sana.

Anza na jani moja

Kuchonga hakufupishi foleni wala hakuleti majibu ya ombi lako haraka. Lakini ni kazi unayoweza kuianza na kuimaliza siku hiyo hiyo bila kumsubiri mtu. Chonga jani moja wiki hii. La kwanza litatoka limepinda. Liweke, lipige tarehe kwa penseli, kisha uchonge la pili. Ukifika la tano, yaweke yote mezani na umwite jirani, awe mkimbizi mwenzako au mwenyeji, mkae mchonge pamoja. Kifutio kimoja kikikatwa katikati kinatosha watu wawili.