Masinga haikujengewa kiu ya Ukambani

Wasee, mkipita Masinga kupiga picha za yale maji yote, jueni kitu kimoja: bwawa lile, lililokamilika 1981, lilijengwa kwanza kwa sababu ya stima. Maji yake mengi hutoka Mlima Kenya na Aberdare, si mvua ya Ukambani. Huko juu mvua ikikataa, nchi nzima inajua. Mwaka 2000 tuliingia mgao wa stima. Lakini mama wa Kitui alikuwa anabeba mtungi hata ile miaka bwawa limejaa.

Mimi heshima yangu nawapa watu wa mwethya, wengi wao akina mama. Wanajenga ukuta wa mawe na simiti kwenye mto wa msimu, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa mpaka juu. Na maji? Yamejificha katikati ya chembe, jua haliyafikii. Mto umekauka, unachimba kidogo tu, unapata. Mvua ya Oktoba hadi Desemba, ile ya kutegemewa kule, inabaki nyumbani.

Shida ni kwamba waziri hawezi kukata utepe kwenye mchanga, ama? Ukiniuliza pesa ziende wapi, ningeanza na hizo kuta. Si kila mto unafaa, lazima chini kuwe na mwamba, lakini mito ya hivyo Kitui na Makueni iko mingi.