Wazamiaji Waliopooza wa Kalymnos
Kisiwani Kalymnos, Ugiriki, ipo ngoma ambayo kiongozi wake hucheza akiegemea mkongojo, miguu ikimtetemeka. Anamwigiza mvuna sponji aliyepooza. Vazi la kuzamia lenye kofia ya shaba na mpira wa hewa lilipofika visiwa vya eneo hilo miaka ya 1860, mtu aliweza kukaa chini muda mrefu. Naitrojeni ikamjaa mwilini, na alipopanda haraka ikageuka mapovu yaliyoharibu uti wa mgongo. Wengi walikufa, wengine walibaki viwete, na baadhi yao wakarudi kuzamia. Husifiwa kwa ushujaa, sifa ambayo siwanyimi, ila naona deni liliwasukuma zaidi. Mzamiaji alipokea malipo kabla ya safari ya kiangazi, fedha ikaachiwa familia au ikalipa madeni ya zamani, naye akabaki na wajibu wa kuirudisha kwa sponji. Tena majini uzito wa mwili hupungua. Aliyeshindwa kupanda ngazi ya nyumba yake bado aliweza kuvuna.

Atakayesema hakuna aliyejua chanzo cha maradhi ana hoja, lakini hoja hiyo inaishia 1878, mwanasayansi Paul Bert alipoeleza mapovu hayo. Mwaka 1908 John Scott Haldane na wenzake wakachapisha majedwali ya kupanda polepole kwa vituo ili kuepuka mapovu hayo. Kweli, majedwali ya wanasayansi hayafiki upesi kwenye mashua za wavunaji. Hata hivyo kila kituo kilikula muda, na nahodha aliyekwisha kulipa alitaka sponji, si kumngoja mtu anayening'inia kwenye kamba.