Shanga za Kwa Mrombo na Swali la Nani Alianza



Mwezi uliopita nilikuwa Arusha kwa dada yangu, anayeishi Kwa Mrombo. Wengi wakisikia jina hilo hukumbuka nyama choma, na kweli moshi wa nyama haukosekani. Lakini mimi siku zangu nyingi nilizimaliza barazani na binti wa dada yangu, ambaye kazi yake ni kutunga shanga. Hutunga mikufu, bangili, na mikanda ya viatu vya ngozi. Alijifunza kwa bibi mmoja wa Kimaasai, jirani yao, akikaa miguuni pake kila jioni mpaka vidole vikazoea.

Siku hiyo nilimkuta kanuna, uzi uko chini. Akanionyesha simu. Mkufu alioubuni mwenyewe, akaupiga picha na kuuweka kwenye ukurasa wake, ulikuwa umetokea kwenye ukurasa wa mtu mwingine asiyemjua. Rangi zile zile, mpangilio ule ule, na maneno yanayosema ni ubunifu wao. Nikaanza kumpoza, akanikatiza. “Mama mdogo, kinachoniuma si wizi peke yake. Nimekaa nikajiuliza, hata mimi niliutoa wapi? Asubuhi naangalia picha mia, jioni natunga. Sijui tena kipi changu na kipi nilikiona. Bora niache.”

Sikuwa na jibu. Nimerudi kisiwani nalo swali lake, na nimelitafuta jibu katika historia. Leo nataka tulitazame pamoja, maana najua humu wamo wapaka hina, washona kofia, wapishi wa keki na wabunifu wa mabaibui wenye donda hilo hilo.

Tuanze na shanga zenyewe. Ukimwona mwanamke wa Kimaasai au wa Kiarusha kavaa shanga zake shingoni, utasema hakuna kitu cha asili kuliko hicho. Lakini zile shanga ndogo za kioo hazikutengenezwa chini ya Mlima Meru. Karne ya 19 zilitoka Venice, na baadaye nyingi zikatoka Bohemia, eneo ambalo leo limo ndani ya Jamhuri ya Czech. Kabla ya hapo watu wa bara walijipamba kwa mbegu, mifupa, makombe na vyuma. Shanga za kioo zilipita wapi? Nyingi zilipita hapa hapa kwetu Unguja, zikapakiwa mizigo ya misafara na kuvushwa bara.

Sasa sikilizeni jambo linalonifurahisha mimi. Wafanyabiashara hawakuwa na uwezo wa kupeleka shanga yoyote waliyotaka. Stanley alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, alilazimika kuuliza kwa makini aina ya shanga inayokubalika kila nchi. Aliambiwa shanga nyekundu za samesame zinapendwa Unyamwezi, na nyeusi zinakwenda Ugogo lakini kwingine zinakataliwa. Ukikosea rangi, umebeba mzigo wa bure kichwani mwa wapagazi.

Mwaka 1883 msafiri mwingine, Joseph Thomson, alipofika Taveta akielekea nchi ya Wamaasai, aligundua kwamba shanga zake hazitapokelewa mpaka zitungwe kwanza kwenye nyuzi za urefu maalumu. Ikabidi watu wake wakae chini watunge. Mzungu na msafara wake wote walifuata kipimo cha watu wa nyikani, kwa sababu bila kipimo hicho mali yao haikuwa mali.

Kwa hiyo kioo kilikuwa cha kigeni, na uchaguzi ulikuwa wa wenyewe. Wanawake wa huku bara ndio waliosema rangi hii ikae na hii, nyeupe iwe maziwa, buluu iwe mbingu, kijani iwe majani ya malisho. Venice ilitoa punje, haikutoa maana. Maana ilitolewa na akina mama waliokaa chini wakatunga.

Kisha nikamkumbuka mama yetu Siti binti Saad. Taarabu haikuzaliwa Unguja. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeileta kutoka Misri, na kasri lake lilipenda kusikia Kiarabu. Akaja mtoto wa Fumba, muuza vyungu, akachukua ala zile zile na mtindo ule ule, akaimba kwa Kiswahili mambo ya watu wa Ng’ambo. Mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi sahani za santuri, na sauti yake ikasambaa pwani yote. Je, Siti alikuwa mwigaji? Ala si zake, mahadhi si yake yote. Lakini nani leo atathubutu kusema Siti hakuwa na chake?

Dada zangu, tukiishia hapa tutaonekana tunasema kunakili ni halali tu, kila mtu achukue anachotaka. Sivyo. Tazameni kisa cha tatu.

Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao vya mraba. Picha zake ziliuzwa Morogoro Stores, Oyster Bay. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka minne tu. Waliobaki walikuwa ndugu na wanafunzi wake, nao wakaendelea kuchora kama yeye, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Walinakili, ndiyo. Lakini walinakili kwa jina lake. Leo hata Arusha mjini, kwenye maduka ya watalii, ukiuliza hiyo ni picha gani, utajibiwa: Tingatinga. Aliyekufa maskini hakusahaulika, kwa sababu waliochukua kwake walimtaja.

Linganisheni na mwaka 2012, Louis Vuitton ya Ufaransa ilipotoa nguo za kiume za mirabaraba iliyofanana na mashuka ya Kimaasai. Ikazuka hoja kubwa ya haki za Wamaasai juu ya jina na mitindo yao. Mtu anaweza kusema kitambaa chenyewe nacho kilitoka nje, kama merikani ya zamani. Ni kweli. Lakini mirabaraba ile isingekuwa na thamani dukani Paris kama watu fulani wasingeivaa vizazi kwa vizazi, na watu hao ndio walioachwa nje ya mlango.

Hapo ndipo nilipoona jibu. Dini yetu inalijua jambo hili zamani. Elimu kwetu hupokewa kwa sanad: fulani kapokea kwa fulani, mpaka mwanzo. Hakuna mwanachuoni anayeona aibu kusema nimechukua kwa shekhe wangu. Aibu ni kuukata mnyororo ukajifanya wewe ndiye chemchemi.

Intaneti haikuleta kuiga. Ilicholeta ni kuukata mnyororo kwa kidole kimoja. Zamani ukitaka mtindo wa mtu ilibidi uende kwake, ukae, ukosee, akukosoe. Mpaka umalize kujifunza umeshamjua, na mkono wako umeshatia chake. Sasa picha inakuja bila mwenyewe. Ndiyo maana binti yetu hajui tena kipi chake: anaona mia na hakai na mmoja.

Na katika majina mazuri ya Allah limo Al-Badii’, Muanzilishi wa mbingu na ardhi bila ya mfano uliotangulia. Jina hilo ni Lake. Sisi hatukuumbwa tuanzishe kitu kutoka kwenye utupu, na mwenye kujibebesha mzigo huo atachoka bure. Sisi tumepewa amana. Kazi yetu ni kupokea vizuri, kutia mkono wetu, na kusema ukweli tulikopokea. Kusema kazi ya mwenzio ni yako ni udanganyifu sokoni, na Mtume wetu (S.A.W.) alitukanya vikali kuhusu udanganyifu.

Haki nayo tuidai. Tanzania Bara ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, iliyogusa hata sanaa za jadi, na sisi Zanzibar tuna yetu ya mwaka 2003. Tuweke tarehe za kazi zetu, tuhifadhi michoro, na tukidhulumiwa tusinyamaze.

Juzi nilimpigia simu binti yangu, nikamweleza haya yote, maneno marefu kuliko haya. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. Akaniambia simu ameiweka kabatini asubuhi, ameanza kwenda tena kwa bibi baada ya alasiri. Jana kaweka picha ya mkufu mpya. Chini yake kaandika kwamba umetungwa Kwa Mrombo, na aliyemfundisha kutunga ni bibi jirani yake, Allah amlipe kheri.

Nimeuagiza. Ukifika nitauvaa Idi, na atakayeniuliza nimeupata wapi nitamtajia wote wawili.