Kisu na Sinia: Kumbukumbu ya Tunduma, 2013

Tunduma ni mlango wa nchi. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde ya Zambia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975, hupita hapo, na barabara kuu itokayo Dar es Salaam nayo hufikia hapo. Ardhi ni ya Wanyamwanga, na jirani zao ni Wanyiha wa Mbozi. Lakini wachuuzi na madereva wa makabila mengi wamefanya maskani papo. Ukristo uliingia pande hizo kwa wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, na Uislamu ukafuata njia za biashara. Wafuasi wa dini hizo mbili wakaishi mlango kwa mlango.

Tarehe 3 Aprili 2013 ujirani huo ulitikisika. Mji ulikuwa bado katika mkoa wa Mbeya, kwani mkoa wa Songwe uliundwa 2016. Vijana wa Kikristo waliingia barabarani kwa mzozo wa nani achinje nyama ya kuuzwa buchani. Kundi lao likajaribu kuuchoma msikiti, na polisi wakalitawanya kwa mabomu ya machozi.

Moto huo uliwashwa mbali. Huko Buseresere, Geita, tarehe 11 Februari mwaka ule ule, Mchungaji Mathayo Kachila aliuawa katika ghasia za mabucha. Serikali ikatamka kuwa Waislamu waendelee kuchinja kama ilivyozoeleka. Wakristo wengi wakaona wamenyimwa usawa. Waislamu wakaona linatetewa jambo la ibada, wala si la majivuno, kwani kwao nyama isiyochinjwa kisharia ni kibudu. Visiwani nako hakukuwa shwari: Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga alimwagiwa tindikali, na tarehe 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi akapigwa risasi, akafa.

Hata hivyo, desturi iliyogombaniwa ilikuwa ya ukarimu. Mkristo mwenye harusi au msiba alimwita jirani yake Mwislamu amchinjie, ili wageni wote wale sinia moja. Hakulazimishwa na mtu. Ilikuwa adabu ya mwenyeji kwa mgeni. Na adabu hutolewa, haidaiwi. Ilipogeuzwa amri, aliyekuwa akiitoa kwa hiari akajiona ananyang'anywa, na aliyekuwa akiipokea kwa shukrani akaishika kama haki yake. Kisu kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni nia za watu.

Zipo njia za kuyakumbuka mapigano bila ya kuyarudia. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali baina ya 1878 na 1882, na wajukuu zao leo ni watani. Mtani humdhihaki mtani wake hata matangani, wala hapana achukiaye. Wahenga walisema: wagombanao ndio wapatanao. Utani haufichi vita. Huvitaja mbele ya pande zote mbili, kila upande ukisikia sehemu yake.

Ghasia za 2013 hazijafika huko. Damu yake ni mbichi mno kwa mzaha, na rahisi zaidi ni kila upande kubaki na nusu yake: huyu amtaje Mchungaji Kachila na kuunyamazia msikiti wa Tunduma, yule autaje msikiti na kumsahau mchungaji. Kumbukumbu ya nusu huwa ni shitaka, na shitaka hungoja siku ya kulipiwa. Anayewasimulia wanawe habari za mwaka ule hana budi kuyataja yote mawili kwa pumzi moja, kisha awaambie pia habari za lile sinia: kwamba kabla ya amri na maandamano, watu wa dini mbili waliulizana kwa upole nani achinje, na sababu ya kuulizana ilikuwa kwamba walitaka kula pamoja.