Chuma Kimoja Kilichonyooka

Wiki ya pili ya kuifufua Land Rover ya marehemu babu hapa Utemini, fundi alilaza juu ya gunia chuma kirefu kilichonyooka. "Hii ndiyo shafti ya stelingi, mdogo wangu. Ukigonga kitu haipindi. Inakuja kwako."

Gari ni Series IIA ya mwaka 1968. Usukani umekaa kwenye ncha ya juu ya chuma hicho. Ncha ya chini, yenye hesi, inaingia kwenye boksi lililo mbele ya miguu ya dereva. Hakuna kiungo katikati. Land Rover ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 ilikuwa gari la shamba, la kwenda taratibu kwenye tope, na kwa kazi hiyo chuma kimoja kigumu kilitosha. Huku kwetu ikawa gari la serikali, la misheni, la zahanati. Baadaye ikakuta lami.

Tarehe 1 Januari 1968, mwaka uleule wa gari letu, sheria ya Marekani ilianza kudai magari mapya ya abiria yawe na usukani unaopunguza pigo kwenye kifua cha dereva. General Motors walikuwa wameshaanza, kwenye magari yao ya 1967, kutumia shafti inayojikunja kama kopo lililokanyagwa. Dawa ilikuwepo duniani. Kwenye gunia letu haikuwepo.

Neno usukani lenyewe ni la baharini, limepanda na watu hadi kwenye miamba na vumbi la Singida. Wala halikukosea njia: gari la Karl Benz la 1886 liliongozwa kwa mkono wa chuma, kama mashua. Duara tunaloshika leo lilionekana kwenye mashindano ya Paris hadi Rouen mwaka 1894, katika gari la Alfred Vacheron.

Fundi aliosha gololi kwa mafuta ya taa, akakuta kadhaa zimeliwa na kutu, akabadilisha zote. Kisha vikaja vibati vyembamba vya kurekebishia: vikizidi, shafti inacheza; vikipungua, inakaza. Alifungua na kufunga mara nne. Kabla ya kuvisha usukani aligeuza shafti hadi mwisho wa kushoto, akahesabu mizunguko hadi mwisho wa kulia, akarudi nusu, magurudumu yakitazama mbele.

Mimi nilitaka tutafute shafti ya kujikunja ya gari jingine, tuiunganishe kwa kuchomelea. Mjomba alikataa: halitakuwa tena gari la baba yake. Fundi naye alikataa, ila kwa sababu nyingine: weldi ikikatika kwenye mteremko, huna usukani kabisa. Huyo ndiye aliyenishinda. Nikaomba mikanda basi. Mjomba alinung'unika kwamba mzee hakuwahi kufunga mkanda maisha yake yote, kisha akatoa hela.

Jumapili tulizunguka upande wa Ziwa Singidani. Baada ya kila kona usukani ulirudi wenyewe katikati. Mjomba aliendesha kimya, mkanda umembana shati.