Ufafanuzi wa Biblia: namna ya kuchagua kitabu cha kujisomea nyumbani

Anayesoma Biblia peke yake, bila mwalimu karibu, kuna mahali atakwama. Mkulima wa Kimamba au Ulaya (Ulaya yetu hii, ya kati ya Kilosa na Mikumi) akifungua Mathayo 13 hukutana na mpanzi anayeacha mbegu zianguke njiani, kwenye mawe na kwenye miiba. Kwa mtu anayefukia mahindi shimo kwa shimo, huyo ni mkulima mzembe. Lakini katika Galilaya ya wakati ule, ngano na shayiri zilimwagwa kwa mkono, kama baadhi yetu wanavyomwaga mpunga. Njia za miguu zilikatiza katikati ya mashamba, na mahali pengi mwamba ulikuwa umefunikwa na udongo mwembamba tu, usioonekana kuwa na tatizo mpaka jua liwake. Ukilijua hilo, mfano unasomeka vizuri zaidi.

Kitabu kinachotoa maelezo ya namna hii, mstari kwa mstari au fungu kwa fungu, ndicho kinachoitwa kitabu cha ufafanuzi wa Biblia. Wachungaji na mapadre waliosoma vyuoni wengi hukiita komentari. Si kitabu cha tafakari za kila siku, ambacho huchukua mstari mmoja na kukupa neno la kukutia moyo asubuhi. Wala si itifaki, inayokuonyesha neno fulani linapatikana katika mistari ipi, na si kamusi ya Biblia, inayoeleza majina, vitu na mahali. Ni vizuri kujua unachotafuta kabla ya kutoa fedha, kwa sababu dukani vyote hupangwa rafu moja na majalada yake hufanana.

Kwa nini uchaguzi huu ni jambo zito

Chukua Mwanzo sura ya 4. Kaini alikuwa mkulima, Habili mfugaji. Sadaka ya mfugaji ikakubaliwa, ya mkulima ikakataliwa, na mkulima akamuua ndugu yake. Watu wa wilaya ya Kilosa hawawezi kuisoma sura hii kama hadithi ya mbali. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, zaidi ya watu 30 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji, na migogoro ya malisho na mashamba haijawahi kwisha kabisa. Mtu akisimama mbele ya watu akasema kwamba Mungu anawapenda wafugaji kuliko wakulima, au akaligeuza neno hilo upande wa pili kwamba muuaji wa kwanza alitoka kwa watu wa jembe, maneno yake hayataishia kanisani.

Ufafanuzi mzuri utakuonyesha mambo ambayo msomaji wa haraka huyaruka. Kwanza, Adamu mwenyewe aliwekwa bustanini ailime, katika Mwanzo 2:15, kwa hiyo kilimo si laana. Pili, Biblia inasema Habili alileta wazaliwa wa kwanza wa kundi lake, tena walionona. Kuhusu mazao ya Kaini haisemi kwamba yalikuwa ya kwanza wala bora. Wafafanuzi wengi hutia mkazo hapo, na huunganisha na Waebrania 11:4, panapotaja imani ya Habili. Tatu, na hili ndilo hukosekana mara nyingi: katika Mwanzo 4:20, Yabali, baba wa wote wakaao hemani na kufuga mifugo, ni wa uzao wa Kaini. Kwa hiyo sura hiyohiyo haikubali kugawanywa kuwa ukoo wa jembe na ukoo wa fimbo.

Kwa hiyo ukishika kitabu cha ufafanuzi dukani, au ukifungua kwenye simu, anzia hapo. Soma kinavyosema kuhusu Mwanzo 4. Kama mwandishi amerudia tu kisa kwa maneno mengine, hajakusaidia kitu.

Mahali pa pili pa kupima ni Yakobo 5:14-15, panaposemwa habari ya wazee wa kanisa kumwombea mgonjwa na kumpaka mafuta. Makanisa yanatofautiana hapa. Wakatoliki huona humo msingi wa sakramenti ya mpako wa wagonjwa, wengine huona maombi ya kawaida ya kanisa, na wako wanaokumbusha kwamba mafuta yalikuwa pia dawa ya kuwekwa kwenye majeraha, kama alivyofanya Msamaria katika Luka 10:34. Mwandishi mwaminifu atakutajia maoni hayo kisha aseme lake. Mwandishi anayekwambia kwamba mwenye imani aache dawa za TB, za kisukari au za kufubaza virusi ameongeza neno ambalo Yakobo hakuliandika, na kitabu chake usikipeleke nyumbani. Itakumbukwa pia kwamba Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walifariki katika msongamano wa kukanyaga mafuta ya upako. Barua ya Yakobo inazungumzia wazee wanaomwendea mgonjwa alipo.

Kila mwandishi ana kanisa lake

Hakuna ufafanuzi usio na upande, na si aibu mwandishi kuwa na upande. Tatizo ni pale msomaji asipoujua. Ukitaka kuujua kwa dakika chache, fungua mistari ambayo makanisa yetu hayakubaliani: Mathayo 16:18 juu ya Petro na mwamba, Matendo 16:33 juu ya ubatizo wa nyumba nzima, 1 Wakorintho 14 juu ya kunena kwa lugha, Wakolosai 2:16 juu ya sabato. Baada ya hapo utajua kama aliyeandika ni Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana, Mpentekoste au Mwadventista, hata kama jalada halisemi. Kisha amua. Kwa kuanza, ni busara kuwa na kitabu kinachokwenda na mafundisho ya kanisa lako, ili usichanganyikiwe. Cha pili kikitoka upande mwingine, kitakufundisha mengi.

Ufunuo 13:18 ni kipimo cha aina nyingine. Mwandishi anayekutajia mtu fulani aliye hai leo, au kifaa fulani cha kisasa, kwamba ndiyo 666, anabahatisha. Kabla yake wametajwa wengi na wote wamepita. Ufafanuzi wa kitaalamu utakueleza kwamba zamani herufi za Kiebrania na Kigiriki zilitumika pia kama tarakimu, kwamba wataalamu wengi wamelihesabu jina la Kaisari Nero, na kwamba nakala chache za kale zina 616 badala ya 666.

Kiswahili chako ni msaada, usikidharau

Vitabu vingi vya ufafanuzi vilivyoko madukani vimetafsiriwa kutoka Kiingereza, na wakati mwingine vinajibu maswali ya Waingereza. Mfano ni 1 Wakorintho 13. Biblia ya zamani ya Kiingereza ilitumia hapo neno ambalo leo Waingereza huliona kama msaada kwa maskini, kwa hiyo wafafanuzi wao hutumia aya nzima kueleza kwamba maana yake ni upendo. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya 1952, ile ya Union ambayo wengi wetu tumekulia, ameshaona neno upendo tangu mwanzo.

Mfano mwingine ni Luka 22:31-32. Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka wao wote, lakini yeye amemwombea Simoni peke yake. Kwa Kiingereza cha leo neno la umoja na la wingi ni lilelile, hivyo mfafanuzi lazima aeleze. Kiswahili kimeshaonyesha tofauti ya ninyi na wewe, kama Kigiriki kilivyo.

Pale tunapohitaji msaada ni kwingine. Katika Yohana 3:3 neno la Kigiriki lililotafsiriwa mara ya pili linaweza pia kumaanisha kutoka juu. Nikodemo amelichukua kwa maana ya kwanza, ndiyo maana anauliza habari ya kurudi tumboni mwa mama. Mchezo huo wa maneno hauonekani kwa Kiswahili, na ufafanuzi usioutaja umekunyima ufunguo wa mazungumzo yote.

Na mvua! Biblia yetu inataja masika na vuli, na sisi tunadhani tunazijua. Katika nchi ya Israeli mvua za kwanza huja yapata Oktoba au Novemba, ndizo za kupandia nafaka. Za mwisho, za Machi na Aprili, ndizo za kuikomaza, na baada ya hapo ni ukavu mpaka mwisho wa mwaka tena. Mkulima wa Kilosa anayepanda mahindi ya masika Machi anapoona mvua hizo katika Yoeli 2:23 anafikiri kinyume kidogo na nabii.

Baadhi ya vitabu vinavyojulikana

Matthew Henry alikuwa mchungaji wa Uingereza aliyeanza kuandika ufafanuzi wake mwaka 1704. Alifariki 1714 akiwa amefika Matendo ya Mitume, na wachungaji wenzake wakamalizia kuanzia Warumi. Ni mzuri kwa kuupa moyo chakula, lakini mambo ya akiolojia na lugha yaliyogunduliwa baada yake hayamo. Kwa sababu ni wa kale, hauna haki za mwandishi, na ndiyo maana umejaa bure kwenye programu za simu.

William Barclay, mwalimu wa Glasgow aliyefariki 1978, aliandika juu ya Agano Jipya lote kwa lugha nyepesi, na kwa desturi za Wayahudi na Warumi ni vigumu kumpita. Hata hivyo wapo wanaomsoma kwa tahadhari katika habari za miujiza; kwenye mikate mitano, kwa mfano, huweka pia uwezekano kwamba watu waligawana vyakula walivyokuwa wamevificha.

Ulio karibu zaidi na maisha yetu ni Africa Bible Commentary wa mwaka 2006, uliohaririwa na Tokunboh Adeyemo wa Nigeria. Uliandikwa na wanazuoni 70 wa Afrika, wa mrengo wa kiinjili. Ni Biblia nzima katika kitabu kimoja cha kurasa zaidi ya 1,500, na ndani yake mna makala juu ya mambo kama uchawi, ukimwi na kurithi wajane, ambayo wafafanuzi wa Ulaya hawayagusi. Kwa kuwa ni kitabu kimoja kwa Biblia nzima, mistari mingi hupata maelezo mafupi. Kwa Wakatoliki, Biblia zenye utangulizi na maelezo chini ya ukurasa, zilizotolewa kwa idhini ya maaskofu, ndizo njia rahisi ya kuanzia. Tena zina vitabu vya Deuterokanoni, ambavyo vitabu vingi vya Kiprotestanti havivigusi.

Kwa Kiswahili, uliza vitabu vya Central Tanganyika Press ya Dodoma, shirika la uchapishaji la Kianglikana ambalo kwa miaka mingi limetoa vitabu vya kufafanua kitabu kimoja kimoja cha Biblia.

Kwenye simu

Pakua programu ukiwa mahali penye mtandao mzuri, na hakikisha inafanya kazi bila bando kabla hujarudi kijijini; zile zinazodai mtandao kila unapofungua ukurasa zitakula fedha yako taratibu. Mafaili yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp yawe na jina la mwandishi, jina la mchapishaji na mwaka. Lisilo na hata kimoja, liache.

Jihadhari na ufafanuzi wa Kiingereza uliotafsiriwa na mashine. Ayubu kwa Kiingereza huandikwa Job, kwa hiyo utakuta kitabu cha Kazi. Marko, yaani Mark, huwa Alama. Hayo yanachekesha, lakini sentensi inayopoteza neno la kukanusha haichekeshi, na hutaijua. Zile programu za kuzungumza na kompyuta nazo hujibu kwa ufasaha, ila zinaweza kukutajia mstari usiokuwepo au mwandishi ambaye hakusema hayo. Kila mstari unaotajiwa, ufungue mwenyewe.

Kununua

Usianze na seti kubwa. Nunua ufafanuzi wa kitabu kimoja kifupi, kama Marko au Wafilipi, ukimalize, ndipo uamue kama mwandishi huyo anakufaa. Kabla ya kununua, mwombe mchungaji, paroko au katekista akuazime chake kwa wiki mbili. Jumuiya au kikundi cha maombi kinaweza kuchanga na kununua kitabu kikubwa kimoja, kikakaa kwa katibu kwa zamu za kuazimana.

Aliyeko Kilosa anafika Morogoro au Dodoma kwa treni. Wa Mikumi hupanda basi la Morogoro. Katika miji hiyo miwili, ulizia maduka ya vitabu ya madhehebu. Makao makuu ya Chama cha Biblia cha Tanzania yako Dodoma, ingawa kazi yake kubwa ni Biblia zenyewe kuliko ufafanuzi. Piga simu kwanza kuuliza kama kitabu kipo na bei yake. Ukifika, kifungue katikati uone kama kurasa zimeshonwa au zimegandishwa kwa gundi tu, maana cha gundi huachia kurasa upesi kikisomwa kila siku. Halafu kabla ya kulipa, tafuta Mwanzo 4 na Yakobo 5, usome ukiwa umesimama palepale.