Ligi, watangazaji na kamari: nani anamlinda shabiki?

Ndugu zangu wa Pwani, nawaandikia kutoka Konza, mji wa teknolojia unaojengwa kando ya barabara kuu ya Mombasa. Vijana wa hapa, kama wa Kisauni na Likoni, jioni huulizana kama mkeka umepita au umechanika. Wachache huuliza pesa hizo zinamfunga nani mdomo.

Mgongano wa maslahi ni nini?
Ni pale anayepaswa kusimamia jambo anapofaidika nalo kwa upande mwingine. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Ligi
Kuanzia 2015 SportPesa ilikuwa mfadhili mkuu wa Ligi Kuu ya Kenya, hata ligi ikabeba jina lake. Wakati huo huo ilizifadhili Gor Mahia na AFC Leopards, timu mbili za ligi hiyo hiyo. Bandari yetu hulipiwa na Mamlaka ya Bandari, lakini nayo Januari 2019 ilicheza fainali ya Kombe la SportPesa mjini Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 na Kariobangi Sharks.

Utegemezi ulionekana mapema. Januari 2018, kodi ya kamari ilipopanda hadi asilimia 35, kampuni hiyo ilitangaza kukata ufadhili wake wote wa michezo nchini. Baadaye ikarudi, kisha ikajiondoa tena 2019 serikali ilipokataa kuifanyia upya leseni. BetKing ikaingia 2020 kwa mkataba wa miaka 5 wa shilingi bilioni 1.2, mwaka uliofuata ukavunjika.

Uwanjani
Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne kwa kupanga matokeo ya mechi za ligi yetu, mmoja wao maisha. Mwaka 2021 Zoo FC ikaondolewa ligini kwa kosa hilo hilo. Sisemi wafadhili walihusika. Nasema ligi inayoishi kwa pesa za kamari ina uzito wa kuchunguza kamari.

Watangazaji
Redio na runinga hutangaza mechi, huichambua, kisha hulipwa kukuhimiza uweke dau. Uchambuzi na tangazo hutoka kinywa kimoja. Tarehe 29 Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo hayo kwa siku 30, na Agosti mwaka huo sheria mpya ya kudhibiti kamari ikatiwa saini.

Tudai nini?
Kwa maoni yangu, mambo matatu: mikataba ya ufadhili iwekwe wazi, kampuni inayofadhili ligi isifadhili timu ndani yake, na mtangazaji anayelipwa na kampuni ya kamari aseme hivyo kabla ya kutabiri.

Hadi hapo, ukisikia "leo ni ya uhakika," jiulize kwanza nani amemlipa anayesema.